Kukarabati nje ya jengo la zege la zamani la chuo bila kuliharibu zaidi

Majengo mengi ya vyuo yaliyojengwa kipindi cha uhuru sasa yana miaka 60 na ushee, na kwa nje yamechoka: zege linameguka kwenye kingo, nondo zinachungulia, weusi umetambaa ukutani. Kinachofuata ndo huwa kinaniudhi. Anaitwa fundi, anapiga lipu juu ya ufa, anapaka rangi koti mbili kabla ya mahafali, picha zinatoka nzuri, alafu masika ya pili ile lipu yote iko chini na imeondoka na kipande kingine cha zege. Mwongozo huu ni wa mtu anaetaka kuifanya hii kazi ikae, uwe injinia, mkandarasi mdogo au mtu wa ofisi ya milki ya chuo ambae kila siku anaulizwa "lile jengo vipi?"

Mfano wangu utakuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), sababu wengi tunapafahamu. Chuo kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani 1964, na kampasi ilichorwa na Norman & Dawbarn wa Uingereza, haohao waliochora kampasi ya Mona kule Jamaica, kwaiyo ni usanifu wa nchi za joto wa zama zile, zege jingi, vivuli vya jua (vile vibao vya zege vinavyotokeza juu ya madirisha), korido za wazi, upepo unapita. Nkrumah Hall ilifika mpaka kwenye noti ya shilingi 500. Ila hatua zenyewe zinafaa jengo lolote la aina hiyo, liwe Makerere, Nairobi au popote.

Hatua ya 1: lijue jengo kwanza

Tafuta michoro ya zamani. Ofisi ya milki, maktaba ya chuo, kwa wachoraji, hata picha za mahafali ya zamani zinasaidia sana sababu zinakuonyesha ukuta ulikuwaje kabla haujapakwa rangi. Unachotafuta ni vitu vitatu tu: zege lilikuwa wazi au lilipakwa rangi tangu mwanzo, nondo zimepita wapi, na marekebisho gani yameshafanyika katikati hapo.

Kuhusu sheria, watu wanajidanganya kwamba jengo la zamani linalindwa lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, kwaiyo la miaka ya 60 halimo mpaka litangazwe rasmi. Yaani mlinzi wake ni nyie wenyewe. Kuna waraka wa ICOMOS (baraza la kimataifa la majengo na maeneo ya kihistoria) wa Madrid wa 2011 unaohusu urithi wa karne ya 20, usome, ni mfupi na unakupa hoja za kumwambia mkubwa wa chuo kwa nini hatubandiki marumaru kwenye nguzo.

Kingine kidogo ambacho watu hawakifikirii ni simenti. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha 1966, kwaiyo jengo lililomalizika kabla ya hapo lina simenti iliyotoka kwingine, na simenti nyingi za madukani leo zimechanganywa na pozolana (kama majivu ya volkano) au mawe ya chokaa. Rangi haitalingana. Hili tutalirudia kwenye sampuli.

Hatua ya 2: watu wasiangukiwe

Kabla ya kipimo chochote, weka uzio na nyavu chini ya kingo zinazomeguka na funga mlango unaopita hapo, hata kama wanafunzi watalalamika. Kipande cha zege cha kilo mbili kikitoka ghorofa ya tatu hakimwulizi mtu kitambulisho. Jukwaa liwe la vyuma, lifungwe ukutani bila kutoboa hovyo sehemu za kihistoria, na kazi isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Alafu angalia mabati na paneli bapa za zamani za saruji: zama zile asbesto (nyuzi za madini zinazoharibu mapafu) ilitumika sana, usiikate na grainda mpaka maabara iseme ni nini. Vumbi la zege lenyewe linaua mapafu, barakoa za kitambaa hazisaidii kitu, nunua zile za vumbi laini.

Hatua ya 3: gonga, pima, chora

Hapa ndo usikimbie. Ukiokoa wiki mbili hapa utazilipa mara nne baadae.

Anza na nyundo ndogo. Gonga ukuta wote, mita kwa mita, kama mtu anaechagua tikiti maji sokoni. Zege zima linalia sauti kali, lililoachia ndani linatoa sauti bubu. Zungushia chaki kila penye sauti bubu, piga picha, alafu hamishia kwenye mchoro wa ukuta. Utashangaa, madoa ya chaki hayakai popote tu, yanajipanga: chini ya vivuli vya madirisha, kwenye kona, kando ya bomba la mvua, pale ambapo sakafu ya balkoni inakutana na ukuta. Huo mpangilio tayari unakuambia maji yanatoka wapi.

Kinachofuata ni mashine ya kutafuta nondo, ile ya sumaku, inakupa kina cha zege lililofunika chuma. Miaka ile kina kilikuwa kidogo, na kwenye vivuli vyembamba utakuta milimita 15 au hata 10. Andika kila namba.

Alafu kipimo ninachokipenda kuliko vyote, cha fenolfthaleini, dawa ya kupulizia inayobadili rangi. Zege jipya lina pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 12.5 hivi mpaka 13, na kwenye hali hiyo nondo inajivika utando mwembamba unaozuia kutu. Hewa ya ukaa inaingia kidogokidogo kutoka nje na kuishusha hiyo pH, ikifika chini ya 9 utando umekufa, na hapo nondo inasubiri unyevu tu. Sasa bomoa kipande kidogo upate sura mpya kabisa, usipulizie kwenye sura ya zamani wala kwenye vumbi la drili, puliza vumbi litoke, spreyi. Sehemu ambayo bado ni nzima inageuka zambarau iliyoiva papohapo. Sehemu iliyokwisha inabaki na rangi yake ya kijivu. Unaona mstari kabisa, unaweka rula, unasoma: milimita 24 kutoka nje hakuna zambarau. Kama nondo iko milimita 20, ndo umepata jibu lako.

Na hapo kuna hesabu tamu. Kina cha hewa ya ukaa kinakua kwa kipeuo cha pili cha muda, hakikui sawasawa kila mwaka. Tuseme jengo lina miaka 60 na kina ni milimita 24. 24 mara 24 ni 576, gawa kwa 60 unapata 9.6. Nondo yako iko milimita 30? 30 mara 30 ni 900, gawa kwa 9.6, unapata karibu 94. Maana yake kama hali haitabadilika nondo hiyo itafikiwa jengo likiwa na miaka kama 94, kwaiyo una zaidi ya miaka 30 na huna sababu ya kuibomoa leo. Ukuta mzima unaweza kuokolewa na hesabu ya namna hii, na watu wanaruka wanaanza kuchokonoa kila mahali.

Usishangae pia ukikuta sehemu zilizojificha mvua, kama chini ya balkoni, zina kina kikubwa kuliko ukuta unaolowa. Zege lenye maji haliingizi hewa vizuri. Ila kutu inataka maji, ndo maana uharibifu unaonekana mpakani, pale palipokaa pakavu miaka mingi alafu bomba likaanza kuvuja.

Ukanda wa pwani ongeza kipimo cha chumvi. Fenolfthaleini haioni chumvi kabisa, zege linaweza kuwa zambarau safi na nondo inaliwa. Toboa, chukua unga kwa vina tofauti, tuseme milimita 0 mpaka 10, 10 mpaka 20, na kuendelea, peleka maabara. Kloraidi (ile sehemu ya chumvi inayokula nondo) ikizidi 0.4% ya uzito wa simenti kwenye kina cha nondo, ita injinia mwenye uzoefu. Chumvi ikipungua kadri unavyoingia ndani ni upepo wa bahari, ikiwa sawasawa kila kina shuku mchanga au maji yaliyotumika kuchanganyia tangu siku ya kwanza, na hiyo ni kesi nyingine kabisa. Kuna pia kipimo cha umeme cha elektrodi ya shaba, ukisoma chini ya hasi 350 milivolti uwezekano wa kutu ni zaidi ya 90%. Kizuri kwa sehemu ambazo hazijaonyesha kitu bado.

Hatua ya 4: maji kwanza, zege baadae

Funguo zote ziko juu ya paa. Gata zilizoziba majani, membreni ya paa (tabaka la kuzuia maji) iliyopasuka, bomba la mvua lililozikwa ndani ya nguzo (wasanifu wa zama zile walipenda sana hiyo), maji ya AC yanayodondokea ukutani miaka kumi. AC zenyewe hazikuwepo kwenye mchoro wa jengo la kupitisha upepo, zimetobolewa baadae na kila tundu ni mlango wa maji.

Chungulia chini ya kila kivuli. Kuna mfereji mdogo unaokatwa kwenye ukingo wa chini ili tone likatike lisirudi ukutani. Mara nyingi umezibwa na rangi, koti juu ya koti. Kuufungua ni kazi ya mtu mmoja na tindo nyembamba, na inaweza kuwa ndo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei) nzima.

Ukimaliza haya subiri mvua moja kubwa, vuli au masika, simama chini uangalie. Kisha kazi ya zege ipange Juni mpaka Septemba, kiangazi, ambapo vyuo vingi navyo huwa na likizo ndefu.

Hatua ya 5: kuosha

Maji ya presha ndogo, brashi laini, dawa ya kuua mwani na kuvu, uvumilivu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kupiga mchanga kwa presha marufuku, unaondoa ngozi ya zege na alama zote za mbao zilizomwagiwa zege, na hazirudi. Na tafadhali usimruhusu mtu na ile asidi ya kusafishia vyoo na marumaru. Inakula simenti, na kwa kuwa ni asidi ya hidrokloriki unakuwa umeingiza kloraidi kwa mkono wako mwenyewe kwenye jengo ambalo umetoka kulipima kloraidi.

Wakati mwingine ukishaosha unagundua jengo halikuwa baya hivo. Nusu ya "uchakavu" ilikuwa mwani.

Hatua ya 6: sampuli, sampuli, sampuli

Kiraka kwenye zege la wazi kinaonekana kuliko ufa wenyewe, na hapa ndo mafundi wazuri wanatofautiana na wengine. Usikubali mkandarasi aanze na ukuta. Aanze na vibao vya nusu mita kwa nusu mita, kila kimoja mchanganyiko tofauti, viachwe juani na mvuani wiki nne angalau, alafu vishikwe pembeni ya ukuta ulioshaoshwa, asubuhi na jioni, pakavu na pakilowa. Zege likikauka linapauka, kwaiyo kuhukumu rangi siku ya tatu ni kujidanganya.

Vunja kipande cha zege la zamani utoe kokoto uziangalie. Saizi gani, za mviringo au za kupasua, mchanga wa mto au wa kuchimba, mwekundu au mweupe. Rangi ya ukuta wa zamani inatoka zaidi kwenye mchanga kadri miaka inavyokula utando wa simenti, kwaiyo ukipata mchanga unaofanana umemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Iliyobaki rekebisha kwa simenti nyeupe kidogo au rangi za oksidi, pima kwa mzani, usipime kwa ndoo.

Kisha sura. Kama ukuta una chapa ya mbao, chukua mbao zenye upana uleule, zilowanishe usiku, sugua mishipa kwa brashi ya waya ijitokeze, kandamiza kwenye kiraka kibichi. Kama ulichongwa kwa nyundo ya meno, kiraka kikomae kwanza ndo ukichonge. Jengo la msanifu Paul Rudolph kule chuo cha Yale, Marekani, la 1963, kuta zake zilimwagwa na matuta wima alafu mafundi wakayavunja matuta kwa nyundo mkono kwa mkono. Kiraka laini pale kingeonekana kutoka barabarani. Huku kwetu hatuna matuta yale, ila kanuni haibadiliki, fundi atengeneze kiraka kwa njia ileile ukuta wa asili ulivyotengenezwa.

Sampuli iliyokubalika isainiwe na mchoraji, injinia na chuo, ibaki saiti mpaka mwisho wa kazi. Ugomvi wote wa baadae unamalizwa na kile kibao.

Hatua ya 7: kiraka chenyewe

Kata mpaka wa kiraka na grainda, mistari iliyonyooka, kina kama milimita 10, ila angalia kwanza namba zako za kina cha nondo usije ukaikata. Ukingo usiwe wa kufifia mpaka sifuri, ule wembamba ndo unaachia wa kwanza. Kwenye ukuta wenye chapa ya mbao fuata mstari wa mbao, jicho halitaona mpaka wako.

Bomoa na mashine nyepesi au tindo. Mashine kubwa inapasua zege zima lililo jirani na unajitengenezea kiraka cha mwakani. Fukua mpaka nyuma ya nondo, vidole vipite, milimita 20 hadi 25. Hii ndo sehemu mafundi wanaigomea sababu ni ngumu, wanataka kuishia kwenye uso wa nondo, na kutu ya mgongoni inabaki inaendelea kula. Fuata nondo kushoto na kulia mpaka uone chuma kisafi, ongeza sentimita 5 zaidi. Kama ni nguzo au boriti usifukue bila injinia kusema wapi paegemezwe.

Sugua nondo mpaka ing'ae. Penye chumvi suuza kwa maji masafi, kung'aa peke yake hakutoshi. Ikiwa imeliwa sana injinia ataamua kuongeza nyingine. Paka kinga ya nondo ya aina moja na mota (mchanganyiko wa kujazia kiraka) utakayotumia, usichanganye makampuni.

Lowanisha zege la zamani usiku kucha, asubuhi liache mpaka uso using'ae maji lakini ndani kuwe na unyevu. Kama unatumia uji wa kushikizia, pakaza na mota ifuate ukiwa bado mbichi, ukikauka unageuka kuwa kitenganishi. Shindilia mota nyuma ya nondo kwanza, kwa vidole vyenye glovu ikibidi, alafu panda kwa matabaka. Na nguvu ya mota isiizidi ya zege la zamani kwa mbali. Watu wanadhani ngumu zaidi ndo bora, wananunua mota kali kabisa na kuibandika kwenye zege la 1964, inasinyaa, inavuta, inaondoka na ukuta.

Fanya kazi upande wa kivuli, zunguka na jua. Funika na magunia mabichi na nailoni siku 7, na awepo mtu mwenye jina ambae kazi yake ni kumwagilia, Jumapili ikiwemo. Upepo wa kusi unakausha kiraka kuliko jua lenyewe.

Penye chumvi kuna mchezo mbaya: unatengeneza kiraka kizuri, na kutu inahamia pembeni yake, miaka michache mbele unaona pete ya nyufa kukizunguka. Dawa yake ni vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo ukingoni mwa kiraka, zinki inaliwa badala ya chuma. Sio bei rahisi, ila ni rahisi kuliko kupandisha jukwaa mara ya pili.

Kuhusu tenda, kiasi cha viraka hakijulikani mpaka umebomoa, na siku zote kinaongezeka. Weka kwenye mkataba bei kwa kipimo na upimaji upya wa pamoja. Ukifunga bei moja kwa jumla, mkandarasi atafukua kidogo iwezekanavyo, na wala usimlaumu.

Hatua ya 8: nyufa na jointi

Ufa mwembamba chini ya milimita 0.3 ambao hauvuji, mwingi uache. Mkubwa, bandika kipande cha kioo juu yake kwa jipsamu, andika tarehe: kikipasuka ufa unatembea, na ufa unaotembea haujazwi kwa kitu kigumu. Jointi za kutanukia zilizozibwa na simenti zifunguliwe, ziwekwe silanti (dawa ya kuzibia) ya kunyumbulika.

Hatua ya 9: kupaka au kutopaka

Kama zege lilikuwa wazi libaki wazi, huo ndo msimamo wangu. Dawa za silani zinaingia ndani hazionekani, zinazuia maji na chumvi, lakini hazizuii hewa ya ukaa, muuzaji akikwambia zinazuia vyote mwombe karatasi ya vipimo. Kama nondo ziko juujuu sana na hesabu ya hatua ya 3 inakutisha, kuna rangi maalum za kuzuia hewa ya ukaa, au za madini zinazoacha ukuta upumue. Kama lilipakwa tangu mwanzo, paka, ila toa kwanza matabaka ya rangi ya plastiki yaliyofunga unyevu, yale yenye malengelenge.

Hatua ya 10: kabrasha na ratiba

Mchoro wa viraka vyote, mchanganyiko kwa uzito, mchanga umetoka machimbo gani, simenti gani, picha, matokeo ya maabara. Nakala moja ofisi ya milki, moja maktaba, moja mtandaoni. Kila mwaka Februari, kabla ya masika, mtu apande paani asafishe gata na apitishe nyundo kwenye vivuli vya ghorofa ya juu, na kila baada ya miaka mitano irudiwe ile ya fenolfthaleini kwenye sehemu zilezile ili uone mstari wa zambarau umesogea kiasi gani. Hiyo bajeti iingie kwenye matumizi ya kawaida ya chuo, kifungu kimoja na umeme na maji, ikikaa kwenye miradi ya maendeleo inakatwa mwaka wa kwanza tu.